Mkono wa Marehemu Kwenye Kadi

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kigoda chako na kiatu cha mtu mapajani, si kwenye foleni ya daktari wa goti. Mimi sijambo. Kikohozi kimeisha. Najua simu inakuumiza sikio, na mimi nikipaza sauti majirani wote wanapata habari zetu bila kutoa jasho, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Karakana imenizoea. Mafundi wa huko nyuma wananiita Shemeji kwa ajili ya marehemu mume wangu, Taratibu. Kazi yangu ni ya mezani. Mteja akileta mtungi wa kuzimia moto, unapelekwa nyuma kukaguliwa. Ukirudi naandika kadi: tarehe ya ukaguzi, na tarehe ya ukaguzi ujao. Kisha naifunga kwa waya shingoni mwa mtungi. Sahihi ya fundi mkaguzi sina haja ya kuitafuta, ipo tayari. Unalikumbuka lile boksi la kadi ambalo Bosi alilileta nyumbani Taratibu alipokuwa hawezi tena kuinuka? Alizitia sahihi zote, siku tatu, mimi nikimshikia sinia aandikie juu yake. Mpaka leo hazijaisha. Wewe hutanicheka, kwa hiyo nakuambia: kila asubuhi nikifika naichukua ya kwanza, naitazama kidogo kabla sijaandika kitu. Ile herufi ya mwisho ameivuta kama mtu anayefunga mlango polepole asimwamshe mtoto.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wewe na wazee wenzako mnasoma Biblia kila Jumatano, mimi niliishia darasa la saba. Waefeso sura ya tano, mstari wa kumi na moja: "Wala msishirikiane na matendo yasiyozaa ya giza, bali myakemee." Nimeusoma wiki nzima. Kushirikiana ni nini? Mtu aliyekaa chumba cha mbele, ambaye mkono wake haukugusa kitu, naye ameshirikiana? Na kukemea ni kufanya nini hasa, ikiwa unayemkemea ndiye aliyekupa kiti unachokalia?

Kuna jambo nimeliona hapa kazini. Bado sijui niliite nini. Nijibu upesi, Baba, usingoje Jumatano tatu zipite. Andika kwa sanduku la posta la karakana kama siku zote, ufunguo ninao mimi.

Mkweo akupendaye

*

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba sana. Foleni ya daktari niliikimbia, ikanifuata. Goti ni lile lile, limekataa kuzeeka peke yake, linataka twende wote. Kazi ipo. Shule zimefunguliwa na watoto wa mtaa huu wana miguu inayokula viatu kama mchwa.

Swali lako nililipeleka kwa wazee. Sikusema limetoka wapi. Fundi cherehani akasema, "Kukemea ni kazi ya mchungaji. Sisi yetu ni kusema amina." Fundi saa akamrukia: "Basi ukimkuta mwizi kwenye kamba yako ya nguo, utamwita mchungaji aje amkemee?" "Nguo zangu hazina wa kuziiba." "Hilo tumeliona!" Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Mimi naelewa hivi. Msishirikiane, maana yake toa mguu wako hapo. Mtu mdogo hakemei kwa mdomo, hukemea kwa kuondoka, na aliyebaki ataona pengo. Tena wengi wanauacha mstari unaofuata, kwamba yanayotendeka kwa siri "ni aibu hata kuyanena." Kwa hiyo, mwanangu, sitakuuliza ni jambo gani. Mimi ni baba mkwe. Yapo mambo ambayo mwanamke hamwambii baba mkwe, na baba mkwe naye hayaulizi. Lakini sikuzaliwa jana. Mjane bado kijana, na mwanamume mwenye mali aliyempa kiti. Nimeelewa, na nimefanya linalompasa mzazi.

Taratibu alipokuwa na miaka sita alifunga kamba za viatu mpaka sote tunamngojea mlangoni. Mama yake akamwambia, "Wewe utafika mbinguni hukumu imekwisha." Akajibu bila kuinua kichwa, "Nitafika kamba zimefungwa." Mtu wa namna hiyo hakukuacha duniani ili uchezewe.

Kula vizuri.

Baba yako

*

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwili wangu mzima. Nakuombea goti lipoe.

Baba, umeniponza. Siku ya Alhamisi Bosi aliniita ofisini kwake, na barua uliyomwandikia ilikuwa mkononi mwake. Aliisoma kwa sauti yote, mlango wazi, mafundi wakisikia: unamwomba kama mzazi kwa mzazi amwogope Mungu na amheshimu mjane wa mwanao. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mke wa marehemu, mimi nimekugusa wapi?"

"Hujanigusa."

"Nimekutamkia neno?"

"Hujanitamkia."

"Sasa mkweo anasema matendo ya giza. Giza gani?"

Macho yangu yakakimbilia upande wa nyuma, kwa mafundi. Hapo akaacha kucheka. Akainuka, akafunga mlango. "Au umeanza kuchungulia huko nyuma?"

Hukukosea kwa ubaya, Baba. Ulinilinda na mbwa ambaye hakuwepo, na yule aliyekuwepo ukamwamsha. Kosa ni langu, nilikuuliza nusu. Sasa chukua lote.

Ndani ya mitungi ile mna unga maalumu wa kuzimia moto. Ukikaa muda mrefu unaganda. Mtungi ukiletwa inatakiwa ufunguliwe, unga uangaliwe, ulioganda umwagwe, mpya uwekwe. Unga mpya uko kwenye gunia nyuma ya mlango wa stoo. Tangu Oktoba nilipoanza kazi, mkoba wangu nauweka juu ya gunia hilo. Siku moja mwezi wa kwanza, kamba ya mkoba ilinasa, nikainama kuinasua, nikaona uzi wa kiwandani kwenye mdomo wa gunia. Haujakatwa. Baba, kwa mkono wangu nimeandika kadi za mamia ya mitungi. Gunia ni moja, na halijafunguliwa.

Nikamwendea fundi anayepaka mitungi rangi, wanamwita Rangi, hata masikio yake ni mekundu. Nikamuuliza unga mnautoa wapi.

"Unga tena, Shemeji? Unataka kupika?"

"Nakuuliza kweli."

Akaweka brashi chini. "Tunaosha, tunapaka, tunajaza upepo mpaka kishale cha kipimo kisimame kwenye kijani. Basi. Mteja hanunui unga, Shemeji. Ananunua usingizi."

"Na moto ukija?"

"Moto ukija watu wanakimbia. Umemwona nani anasimama kupigana?"

Hapo ndipo nilipoanza kuusoma ule mstari. Na niliposimama mbele ya Bosi, mlango umefungwa, nikamwambia nimeona gunia. Hakukana. Alivuta kadi moja kutoka kwenye boksi, akaiweka mezani mbele yangu. "Unataka kufukua? Fukua. Ila soma kwanza hapa chini, uone kaburi utakalofukua ni la nani."

Nilitoka nikaenda kwa Rangi, nikamwambia niapie, usinifiche. Akasema Taratibu alijua. Mwanzoni alikuwa anafungua mtungi mmoja mmoja, wateja wanangoja siku tatu, Bosi anafoka. Bosi akamwambia, wewe tia sahihi tu, kufungua watafungua hawa. Akawa anatia sahihi. Kama baada ya mwezi hivi akaja nyuma, akaona hakuna kinachofunguliwa. "Alisimama pale mlangoni," Rangi akasema. "Tukadhani atatuwakia. Akarudi mezani kwake." Miaka minne, Baba. Halafu akaugua, Bosi akawa anampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, na hata kama alikuwa na neno, akalimeza. Kisha likaletwa boksi. Alipomaliza kadi ya mwisho aligeukia ukutani, nikafikiri ni uchovu. Nami ndiye niliyeshika sinia. Kwa hiyo usifikiri namshitaki peke yake.

Sasa sikiliza. Ijumaa imeletwa mitungi sitini ya shule ya wasichana ya bweni. Dereva wao, mama mmoja mchangamfu, aliniambia bweni lina ghorofa mbili na madirisha yana nondo, "ili wasitutoroke hawa." Mitungi itarudi tarehe thelathini, imepakwa rangi, na kadi shingoni. Ofisi ya zimamoto iko mitaa miwili kutoka hapa. Lakini sitaki kulitaja jina la mwanao mbele ya watu bila wewe kujua. Niambie niseme, Baba. Neno moja linatosha.

Mkweo

*

9 Machi

Mkwe,

Barua nimepata. Sisi wazima.

Mwanangu alikuwa haondoki nyumba hii bila kulijaribu kufuli mara tatu. Ukimtuma dukani anarudi na jibu la kila ulichomuuliza na usichomuuliza. Mtu huyo haweki jina lake kwenye uongo. Huyo mpaka rangi amekuambia maneno ya kujiosha, maana marehemu hana mdomo wa kujitetea. Ndiyo sababu watu wanapenda kuwatwika marehemu.

Hayo ya sinia usimwambie mtu mwingine.

Acha kazi hiyo. Njoo, chumba chake kipo, kitanda nimekitandika. Mitungi si yako, na shule ina wenyewe. Mtume ameandika ni aibu hata kuyanena, nami ninamtii. Nimemzika mara moja. Usiniandikie tena jambo hili.

Baba wa marehemu

*

21 Machi

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Nakuuliza hali, goti, na usingizi. Mimi usingizi wangu ni wa kuokoteza.

Umesema nisikuandikie, na nimekaa siku nyingi nikijaribu kutii. Nimeshindwa. Nivumilie mara hii.

Nimeacha kuandika kadi. Jumatatu iliyopita nilimwambia Bosi nitafanya mengine yote, nitapokea wateja, nitafagia, lakini tarehe siandiki. Akasema, "Mume wako alikuwa na adabu kuliko wewe." Akampa Rangi aandike. Rangi mwandiko wake ni wa kuku, tarehe zinapanda mlima, lakini chini sahihi ni ile ile, imetulia, imenyooka. Marehemu amekagua mitungi kumi na minane wiki hii, mtu ambaye maiti yake niliiosha mwenyewe. Jana nilipoona hawatazami, nililitia boksi kwenye mkoba wangu. Zimebaki kadi mia moja na arobaini. Ziko chini ya godoro langu. Bosi ameuliza, nimesema sijui. Ndiyo, nimesema uongo. Amenipa mpaka Jumatatu ya tarehe thelathini boksi lionekane, la sivyo nitafute kiti kwingine.

Baba, uliniambia watu wanauacha mstari wa kumi na mbili. Nami nimekwenda mpaka wa kumi na tatu: "Lakini yote yaliyokemewa hudhihirishwa na nuru." Nimeisoma yote mitatu kwa mfululizo kama mtu anayesoma barua, maana ni barua. Naona mtume hakuitaja aibu ili tunyamaze. Angetaka tunyamaze asingesema myakemee. Anasema tu kwamba aibu itakuwepo. Atakayekemea ataona haya, pengine zaidi ya aliyetenda, na akemee hivyo hivyo. Na wewe uliposema kukemea ni kuondoka: nikiondoka leo nikaja kulala kwenye kitanda ulichonitandikia, mitungi haitaondoka nami. Itaning'inia pale ukutani, kwenye ngazi za wale mabinti, na kishale kwenye kijani.

Lakini mimi ni wa darasa la saba. Nikikosea nirekebishe.

Nitangoja barua yako mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Nitafungua sanduku asubuhi na jioni.

Mkweo

*

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Jumamosi ile nilifungua sanduku asubuhi, nikakuta tangazo la mnada na barua ya kampuni ya maji. Ofisi ya zimamoto hufungwa saa sita. Saa tano nikafunga sanduku, nikaacha ufunguo juu ya meza, nikaenda.

Afisa aliyenipokea ni mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kwenye kamba. Nilimpa boksi. Alichukua kadi moja, akaigeuza, akachukua nyingine.

"Hizi hazina tarehe."

"Huandikwa baadaye."

"Na huyu fundi aliyetia sahihi, yuko wapi? Nimwite."

"Amefariki."

"Lini?"

"Mwezi wa nne mwaka jana."

Nilikuwa nimemletea pia kadi tatu zilizoharibika mwandiko, zenye tarehe za Januari na Februari mwaka huu. Akazipanga mbele yake. "Basi amefanya kazi kuliko sisi tulio hai," akasema. Nikacheka, Baba. Nisamehe. Nilicheka kwa sauti mbele ya watu, kisha nikashindwa kunyamaza na hakikuwa kicheko tena. Yule mama alisogeza kiti chake akakaa upande wangu wa meza.

Nilimwambia yote. Na sinia pia.

Walikwenda karakana siku hiyo hiyo. Walimtaka Rangi afungue mtungi mmoja wa shule, tulioukagua sisi. Walipouinamisha haukutoka unga. Waligonga, likadondoka donge zima, umbo la mtungi, gumu kama tofali. Mitungi yote sitini imezuiwa. Shule imeletewa mingine ya kuazima. Karakana imetiwa kufuli na karatasi yenye mhuri. Mafundi walikuwa wamesimama nje barabarani, na nilipopita Rangi akasema, wala hakusema kwa ukali, "Shemeji, umetuzika na mume wako kaburi moja." Ana watoto wanne.

Nilimwomba yule afisa anibakishie kadi moja. Nilimwambia sina kitu kingine chenye mkono wake, hakuwa mtu wa kuandika barua, tulikuwa tunalala chumba kimoja. Akasema ni ushahidi, haiwezekani. Kwa hiyo sina.

Wananitaka tena tarehe kumi na saba, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Wanataka mtu wa familia athibitishe kwamba sahihi ni ya mume wangu kweli, maana Bosi amesema nimeighushi mimi, nilizoea kuiona nikaiiga. Nitasema mwenyewe. Kama hawataniamini, hawataniamini.

Nimehamia kwa dada yangu, yule mshonaji. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Kwa sanduku la karakana usiandike tena, sina ufunguo. Lakini sikuambii uandike. Nimelisema jina la mwanao bila ruhusa yako, baada ya kukuandikia kwamba sitaki. Barua isipokuja nitajua maana yake, na sitakulaumu. Nilitaka tu uyasikie kwangu kabla hujayasikia barabarani.

Mjane wa Taratibu

*

11 Aprili

Mwanangu, mwanangu,

Nimeliandika mara mbili kwa sababu katika barua yangu ya tarehe tisa Machi sikukuita hivyo hata mara moja.

Marahaba. Mimi mzima. Wewe ndiye wa kuulizwa hali.

Tarehe ishirini na saba Machi nilikuandikia. Barua hiyo sasa imelala kwenye sanduku la karakana, na ufunguo hunao. Usiifuate. Nitairudia hapa, pungufu kidogo.

Barua yako ya sinia ilinikasirisha kwa kuwa niliiamini. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona mlango, na mwanangu amesimama, na anageuka kurudi mezani. Nilimwona hasa. Alikuwa na namna yake ya kugeuka, kwanza mabega, halafu miguu. Ndipo nikachukua kalamu nikakuandikia kuhusu kufuli.

Ilipokuja ya pili, ile ya mstari wa kumi na tatu, niliiweka mfukoni bila kuifungua nikaenda zahanati kwa ajili ya goti. Nikaifungua kwenye benchi. Nilipofika pale unaposema itaning'inia ukutani, nikainua macho. Juu ya kichwa changu kulikuwa na mtungi. Mwekundu, unang'aa. Nimekaa chini yake miaka yote hiyo ya goti, sikuwahi kuutazama. Nilisimama, nikashika kadi. Kumi na nne Januari, mwaka huu. Na ile herufi ya mwisho.

Mwanangu, nilitaka kuichana niitie mdomoni niimeze. Nakuambia kweli. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilikuwa nimeshaushika waya.

Muuguzi akatokea akasema, "Mzee, hicho si cha kuchezea." Nikamwambia, "Binti, hiki si cha kuzimia moto pia." Akadhani nina homa. Nikamwomba aniitie daktari, nikamwomba daktari tuujaribu uwanjani. Alinizoea, akakubali kwa kunihurumia. Akavuta pini, akabana. Ulitoa pumzi moja, kama mzee anayeketi, basi. Watu wote wa foleni walikuwa wametoka kutazama. Daktari akasoma kadi, akauliza, "Nani huyu anayetuua?"

Nikasema, "Ni mwanangu."

Wewe uliandika kwamba aibu itakuwepo. Ilikuwepo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea mbali nami kana kwamba naambukiza. Fundi saa alisikia habari akaja kunichukua, tukatembea mpaka nyumbani hajasema neno, naye ni mtu asiyeweza kunyamaza hata kanisani. Mlangoni akasema, "Jumatano uje." Nikaenda. Nikawaambia wazee maana ya mstari ule niliyokuwa nimewafundisha si sahihi, na kwamba nimerekebishwa na mtu wa darasa la saba. Fundi cherehani akasema amina. Hatukumcheka.

Mimi ni fundi viatu. Kuna wateja huniambia, paka rangi tu, soli iache, haionekani. Siku zote nimekataa, na siku zote nimejisifu kwa kukataa, na nilidhani niliyemzaa amelichukua hilo kwangu kama pua na masikio. Nililinda jina, mwanangu. Ulinitajia ghorofa mbili za watoto na nondo madirishani, nami nikakujibu habari za jina.

Nimejaribu kumpunguza mahali fulani ili nipate kumpenda aliyebaki. Hapunguki. Kufuli alilijaribu mara tatu. Kadi alizitia sahihi. Ni mtu mmoja. Nimelia kwa ajili yake upya, na safari hii nimelia vizuri zaidi.

Huyo Rangi na watoto wake wanne, usimwache moyoni mwako peke yake. Nikija tutakwenda kumwona.

Maana nakuja. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi, nitafika jioni. Dada yako asihangaike na kitanda, hata mkeka ni sawa, goti halichagui. Nimechukua madaftari yake ya shule, matatu, na fomu ya kanisa aliyojaza siku ya ndoa yenu. Moja la madaftari hayo ni lako, ulichague wewe kabla hatujaingia kwa watu wa serikali.

Ijumaa saa tatu tutakwenda wote. Huyo mama wa miwani akiuliza hii ni sahihi ya nani, wewe nyamaza. Umeshasema ya kutosha peke yako. Niachie mimi nilitaje jina lake, lote, mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyempa.

Baba yako